Upana wa Jeneza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haikunitoka hata pale nilipotaka initoke. Nilikuwa mke kijana, nimeletwa Kariakoo kutoka Lindi, nimeolewa katika nyumba hii hii ya ukumbi katikati unayoiona leo imebanwa na maghorofa pande zote. Nitakueleza ilivyokuwa, na usiniharakishe. Mkono wangu ulijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaro, kwa hiyo naenda polepole. Na kama kuna mteja amesimama mbele yako mhudumie kwanza, kisha urudi usome umetulia.

Mtaa wetu ni mwembamba tangu ulipopimwa. Siku hizo gari likipita watoto walitoka nje kulitazama. Kila nyumba ilikuwa na baraza lake la kukalia, na katikati njia. Halafu zikaja meza. Babu yako, mume wangu, naye alikuwa na yake, ya kandambili na tochi. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo naziba njia, hapana. Mmoja alisogeza meza kidogo kukwepa maji yanayodondoka kwenye bati. Jirani yake akaona amefunikwa, hatazamwi tena na wapita njia, naye akasogeza. Wa ng'ambo akasema mbona wale wametoka, mimi nimekaa ukutani kama nimeadhibiwa? Akasogea. Ndivyo njia ilivyoliwa, kidogo kidogo, kwa adabu kabisa, watu wakisalimiana.

Na hakuna aliyemwambia mwenzake toa meza yako. Kwetu hilo neno lilikuwa zito kulisema. Utamwambiaje mtu aliyekuletea uji ulipokuwa na homa? Utamwambiaje mtu ambaye ukifiwa ndiye atakayekuja kukuchimbia kaburi? Ukinyamaza, umelinda ujirani. Sote tulikuwa majirani wazuri sana, mwanangu. Ndani ya huo uzuri wetu tukamuua Tatu.

Tatu alikuwa shoga yangu, mke wa fundi viatu, nyumba ya pili kutoka hapa. Mwembamba, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka mitaa ya Gerezani. Ile ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika asubuhi, na soko lilipoanza kuchemka damu ikaanza kutoka kuliko inavyotakiwa. Mama mkwe wangu aliitwa kumtazama. Mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, hata wanaume wenye mvi. Aliinua shuka, akairudisha, akasema neno moja, "Hospitali," nami nikajua.

Teksi ililetwa, ikafika kichwani mwa mtaa, ikakwama hapo hapo. Katikati ya njia lori lilikuwa linashusha marobota ya mitumba, na meza zimejipanga pande zote mbili mpaka miavuli inagusana. Dereva akasema, "Huko siingii mimi. Nikiingia sitoki." Basi tukamlaza Tatu kwenye kitanda cha kamba, tukakishika wanawake peke yetu, kila mtu na mguu wake, maana mumewe alikuwa ametoka kutafuta ngozi. Tukamfunika kanga mpaka kichwani. Mwanamke wa uchungu hatazamwi barabarani, na damu ya uzazi haitajwi mbele ya wanaume. Tulilelewa hivyo.

Bi Mkubwa alitangulia. "Tupisheni, jamani. Tuna mgonjwa."

"Mgonjwa nani, Bi Mkubwa?" aliuliza muuza masufuria.

"Mgonjwa tu, baba. Tupishe."

"Sawa, lakini mwambie na huyo wa ng'ambo asogeze kwanza. Mimi nikivuta hapa vyote vinamwagika."

Wa ng'ambo akaruka, "Mimi? Niko ukutani kabisa, tazama! Anayeziba ni lori."

Utingo naye kule juu ya marobota, jasho linamtoka, anajibu kwa heshima zote, "Mara moja tu, mama. Yamebaki machache."

Kijana mmoja akatania, "Mpitisheni juu kwa juu, kama robota!" Watu wakacheka. Simlaumu sana. Hakujua anamcheka nani. Waliona wanawake na kitanda na kanga, wakadhani ni bibi fulani mwenye malaria.

Mimi nilishika upande wa miguu. Damu ilipita kwenye kamba ikanidondokea juu ya mguu, ya moto. Nikafungua mdomo nipige kelele. Bi Mkubwa akageuka akanitazama, nikaufunga. Alikuwa anamsitiri Tatu. Aliendelea kusema tupisheni, tupisheni, kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi, na meza zilikuwa zikitoka moja moja, kwanza mwenye nayo amalize kupanga vyake chini, kwanza amtazame mwenzake kama naye anatoa. Hatukuwa tumefika hata nusu ya mtaa nilipoona mkono wa Tatu umechomoka kwenye kanga na unaning'inia.

Tulifika kwenye teksi. Hospitali hakufika. Yeye na mtoto wake waliishia kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa Bi Mkubwa.

Kesho yake tukazika. Hapa ndipo nataka unisikilize.

Jeneza lilipotokea kwenye kona kutoka msikitini, mtaa ulinyanyuka wote kwa pamoja. Hakuna aliyeambiwa. Masufuria yalitolewa bila kugongana. Miavuli ilifungwa. Redio zikazimwa. Lori jingine lilikuwa limekuja kushusha mzigo, na lenyewe lilirudi kinyumenyume mpaka barabara kubwa, utingo anakimbia nyuma kulielekeza, bila mtu kumwomba. Aliyesema jana kwamba vyake vitamwagika alibeba meza nzima mgongoni, na vitu vyake juu, akaingia nayo uani. Nami nilishika mguu wa meza ya babu yako, tukaitoa kwa pumzi moja. Wanaume wakapita na Tatu begani, wanapokezana, kulia kwao watu na kushoto kwao watu, na bado nafasi ilibaki. Sikuwahi kuuona mtaa wetu mpana namna ile. Nilisimama mlangoni na wanawake wenzangu nikawa najiuliza, hii nafasi yote jana ilikuwa wapi?

Wanaume wakaenda makaburini. Sisi tukabaki tunapika. Na waliporudi, mwanangu, wamebeba jeneza tupu kulirudisha msikitini, meza zilikuwa zimesharudi mahali pake. Zote. Kandambili za babu yako zimeshatundikwa. Wale wabebaji walilipindua jeneza ubavu, halikupita. Wakaliinua juu ya vichwa vya watu, likagonga mwavuli, mwenye mwavuli akasema, "Taratibu, jamani, mtanichania."

Bi Mkubwa alikuwa ameketi pale barazani, nguo za msiba, macho yamevimba. Akashuka. Akaingia katikati ya njia akasimama mbele yao.

"Litueni."

"Bi Mkubwa, tunalirudisha msikitini."

"Nimesema litueni hapa chini."

Wakalitua. Nani angembishia siku ile? Jeneza likakaa katikati ya mtaa, tupu, na watu wakaacha walichokuwa wanafanya.

Hakupiga kelele. Alisema, "Jana nimepita hapa na Tatu yuko hai. Nimewaomba njia mmoja mmoja, kwa majina yenu. Leo asubuhi mmempisha sijasema hata neno. Leo hana pa kuwahi. Jana ndiyo alikuwa na pa kuwahi."

Muuza masufuria akasema, chini chini, "Hatukujua, Bi Mkubwa. Ungetuambia ni uzazi..."

"Ndiyo, sikuwaambia. Niliona haya kutaja damu mbele yenu. Hilo ni langu, na Mungu ataniuliza. Lakini neno mgonjwa mlilisikia. Au mnataka kila mgonjwa awaeleze kwanza kinachomuua, ndipo muone kama kinastahili kusogeza sufuria?"

Babu yako alikuwa anatazama kandambili zake kana kwamba anaziona mara ya kwanza.

"Jeneza hili haliondoki," alisema, "mpaka lipite kama lilivyopita asubuhi. Begani. Watu kulia, watu kushoto. Na pembeni mwa pale litakapopita, ndipo meza zisimame, zisivuke."

Wakazitoa, safari hii hakuna aliyemngoja mwenzake aanze. Jeneza likabebwa begani, tupu, likapita mtaa mzima, na nyuma yake Bi Mkubwa alikuwa anafuata na ndoo ya chokaa iliyobaki tulipopaka ukuta, anamwaga mstari huku na mstari huku kwa kopo. Mwanamke hafuati jeneza, lakini lile halikuwa na maiti, na hakuna shehe aliyemkemea.

Mstari ule ulikaa maisha yake yote. Mvua ikiufuta, anaupaka tena. Meza ikivuka, anakuja anasimama mbele yake, hasemi kitu, mpaka irudi. Walimwogopa kuliko mgambo. Kisha akafa, tukampisha vizuri sana, na mvua iliyofuata ikafuta chokaa, na hakuna aliyechukua ndoo. Miaka mingi sana imepita. Wenye nyumba waliuza, maghorofa yakaota, fremu za maduka zikafunguliwa mpaka chini ya ngazi. Zikaja pikipiki, bajaji, guta za magurudumu matatu, na mikokoteni ambayo wasukumaji wake wanapiga kelele, "Mguu, mguu, mzigo huo!" Masanamu ya kuvalishwa madera yakashuka kwenye kibaraza, yakasimama barabarani kwa wingi kuliko watu. Ukitaka kwenda Feri kununua samaki, kutoka tu kwenye mtaa huu ni kazi kuliko safari yenyewe.

Sasa unajua hii habari ya juzi, maana hata wewe ulikuwa kwenye mkutano wa mtaa. Walikuja wapimaji wa mji, wakiongozwa na mhandisi, binti mdogo wa kofia ya njano. Alinisalimu shikamoo, akakaa chini pamoja nami, akanieleza kwa maneno ninayoyaelewa. Mtaa utagawanywa upya. Upande mmoja wa watu wa miguu, mfereji ufunikwe. Katikati mikokoteni na pikipiki, kuelekea upande mmoja tu. Malori yashushe alfajiri kabla soko halijafunguka. Kila mwenye meza atapata nafasi yake, hafukuzwi mtu, ila meza ikae ndani ya mstari. Nikamuuliza, "Na mgonjwa?" Akasema, "Gari la wagonjwa litapita, bibi. Ndiyo kipimo tulichoanza nacho." Kisha akainamisha macho akaniambia kwamba ili mstari unyooke, baraza langu lazima likatwe. Akaweka alama nyekundu hapo kwenye saruji.

Jioni wakaja vijana wa mtaa, mbele yao Shabani, mjukuu wangu, yule auzaye viatu mlangoni kwangu. Nimemlea mwenyewe. Walikuja na soda na maneno matamu.

"Bibi, wewe ndiye mwenyeji wa mwisho hapa," alisema Shabani. "Wanakuonea haya. Ukikataa kuvunja, mstari unapinda. Mstari ukipinda, mradi umekufa, na sisi tunabaki na meza zetu."

Mwenzake akadakia, "Hii Kariakoo, bibi. Ikinyooka siyo Kariakoo. Wanataka kutufanya Masaki ya matajiri."

"Masaki nako wanaugua," nikamwambia. "Ila wanatoka na gari."

Wakacheka, wakidhani natania.

Usiku ule ule nilijua nitakachosema, lakini usifikiri ilikuwa rahisi. Baraza hilo ndilo alilokalia Bi Mkubwa. Hapo babu yako alikaa na kahawa yake mpaka asubuhi aliyoshindwa kusimama. Hapo nimeuza vitumbua nikasomesha watoto. Nikitoka mlangoni mguu wangu unalijua bila kutazama. Kuna watu wanaosema kitu cha saruji tu hicho. Waache waseme, wao hawana baraza.

Nikamwambia mhandisi avunje. Mafundi walikuja na nyundo, wakalipasua kipande kwa kipande, na vumbi likaingia mpaka jikoni. Watu walisimama kutazama kama msibani. Shabani hakunisemesha siku nzima. Walipomaliza, wakafagia, ikabaki nafasi nyeupe mbele ya mlango wangu, na jirani mmoja akanipa mkono wa pole.

Asubuhi yake nimefungua mlango nitoke. Unajua nilikuta nini pale lilipokuwa baraza la Bi Mkubwa?

Viatu. Vimepangwa vizuri, jozi jozi, juu ya meza mpya. Vya Shabani.

"Shikamoo bibi," akasema, hanitazami.

"Marahaba. Hiyo meza ya nani?"

"Ni kwa leo tu, bibi. Mstari wenyewe hawajapaka. Nikiacha wazi, mwingine ataweka yake. Bora niweke mimi mtu wa nyumbani."

"Toa."

"Bibi, mara moja tu, niuze huu mzigo..."

Mara moja tu. Neno lile lile, mwanangu, la yule utingo juu ya marobota, na kwa adabu ile ile. Damu ya Tatu niliisikia juu ya mguu wangu, ya moto, kama vile siku zote hizi haijakauka. Nikamweleza Shabani habari hii ninayokueleza wewe, pale pale, kwa sauti, nikataja uzazi na nikataja damu mbele ya wanaume wote na wateja wao. Sikuona haya. Haya hiyo ilishatugharimu. Aliitoa meza. Mwenzake wa pili naye akavuta yake nyuma kidogo. Wengine walitazama simu zao.

Usije ukadhani imekwisha hapo. Mstari wa rangi umepakwa, wa njano, unapendeza. Na kila asubuhi meza zinauchungulia. Kwanza mguu mmoja. Kesho miguu miwili. Siku ya tatu mwavuli. Kila asubuhi natoka na fimbo yangu nasimama mbele ya meza ya mjukuu wangu mpaka irudi, na yake ikirudi, za wengine zinarudi. Siku niliyoamka na homa sikutoka. Mchana nilipochungulia dirishani, njia ilikuwa imejaa, na mama mjamzito alikuwa anapita ubavu, tumbo mbele, anaomba radhi kwa masanamu.

Ndiyo maana naandika. Mimi ni mzee, na ipo siku ambayo sitatoka tena na fimbo. Haya ni ya siku hiyo.

Mwanangu, ukiona meza yako imevuka, irudishe wewe kwanza, kabla hujatazama ng'ambo kuna nini. Usingoje mwenzako aanze. Sisi tulingojeana, na Tatu akatungojea wote. Jirani yako akivuka, mwambie. Mwambie kwa jina lake, asubuhi, bado ana kikombe cha chai mkononi, mkiwa hamjagombana. Akikasirika atapoa. Ukinyamaza ili akupende, utakuwa umempenda yeye kwa kumnyima mtu mwingine njia. Ukisikia mtu anasema ana mgonjwa, usimuulize ni nani na anaumwa nini. Toa meza, kisha uulize. Na wewe binti utakayesoma haya, ukiwa na shida paza sauti. Sitara ni ya chumbani. Njiani sema damu, sema mtoto anakufa, wasikie mpaka sokoni, aibu iwe yao.

Najua siku yangu ikifika mtanipisha. Hilo silitilii shaka. Redio zitazimwa, masanamu yataingizwa ndani, Shabani atabeba viatu vyake vyote kwa mara moja, na mtaa utakuwa mpana kama uwanja. Mimi sitauona. Ninachokuomba ni upana huo huo, lakini uniwekee leo, ningali naweza kuutembea.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe biashara isiyokaa juu ya pumzi ya mtu. Akupe majirani watakaokuambia toa, na moyo wa kutoa. Na ikija siku yako ya kubebwa kupita mtaa huu, Mola ajaalie uwe unapumua, na ujaaliwe kukuta njia.